Uhakiki wa Kipindi Nilichokipa Mgongo

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye taipureta pale Mbeya alianzisha gazeti. Mhariri wa gazeti mojawapo, mtu mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, aliniandikia barua akiniomba niwe mhakiki wake wa vichekesho vya televisheni. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi Ipyana, huko Kyela, ambako televisheni zilikuwa mbili na moja ilikuwa mbovu. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akajibu kwamba watu wa mjini wanajionea wenyewe, hawana haja ya kuhadithiwa. Yeye alitaka mtu wa mbali, mwenye uchungu. Uchungu nilikuwa nao tele, basi nikakubali.

Kipindi chenyewe kilirushwa kutoka Dar es Salaam kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, na kilirushwa moja kwa moja. Hakuna kurekodi, hakuna kurudia. Mwigizaji akisahau maneno, amesahau mbele ya nchi nzima. Mimi nilikaa sebuleni kwa mwenye duka, kwenye televisheni ile nzima, daftari gotini, na Jumatatu asubuhi nikampa kondakta wa basi la Mbeya bahasha yangu. Alhamisi gazeti lilirudi na basi hilohilo. Nilikuwa mkali, sikatai. Kulikuwa na mwigizaji mmoja aliyeanguka kutoka kwenye kiti kila wiki akidhani ndiyo ucheshi, nikaandika kwamba ndugu huyu anunuliwe mkeka, apumzike, na sisi tupumzike. Watu wa Ipyana wakasema mwalimu huyu anasahihisha mpaka kicheko.

Msomaji wangu mkubwa alikuwa baba mkwe wangu, na hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa jadi, mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe. Hamwoni uso, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Kutila, ndivyo tunavyosema, yaani kumwogopa kwa heshima. Familia nyingi za kanisani zilishaiacha, na mchungaji alikwisha kuhubiri dhidi yake mara mbili. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, alimsikiliza mchungaji vizuri sana, halafu akasema Mungu hawezi kumkasirikia mtu kwa sababu ya heshima. Ikaishia hapo.

Basi nimeolewa pale, nimekaa ua mmoja na yule mzee miaka kumi na mmoja, na uso wake sikuwa naujua. Nilijua kikohozi chake, maana alikohoa kabla ya kupita kona yoyote ili nipate nafasi ya kukimbia. Nilijua mlio wa makatambuga yake ya matairi. Nikitoka kisimani nikasikia kikohozi, naacha njia, naingia kwenye kakao, nageukia shina, napewa salamu ya ukimya, anapita. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwao, na nilipokwenda kufagia mama mkwe aliigeuza itazame ukuta. Msinionee huruma. Wako wenzangu walioketi na baba wakwe zao meza moja wakatukanwa kila siku kuhusu chumvi. Wangu hakuwahi kuniambia neno baya, kwa kuwa hakuwahi kuniambia neno.

Lakini alinisoma. Kila Alhamisi alimsomea mama mkwe safu yangu kwa sauti, nami nikiwa jikoni nilimsikia ukutani akicheka mpaka kinapanda kikohozi. Mhariri hakuwahi kunisifu hata mara moja. Kikohozi kile kilinitosha.

Sasa, mwaka mmoja mzee akapeleka mchele Dar es Salaam, akafikia kwa mpwa wake. Mpwa alijuana na mlinda mlango wa ile studio. Ijumaa simu ikalia dukani, mwenye duka akaja mbio na ujumbe: kesho mzee atakuwa miongoni mwa watazamaji, ndani ya kile kipindi chenyewe, anataka akione kile ambacho mwalimu anakikosoa. Mpwa aliongeza kwamba kila wiki wanamchagua mtazamaji mmoja kupanda jukwaani, na kwamba mzee amenunua koti.

Ua mzima ukashangilia, mimi nikakaa chini. Nitahakikije kipindi ambacho baba mkwe wangu yumo ndani yake?

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana, chini ya paa la jiko. Mume wangu alikuwa ng'ambo, Karonga, kwa biashara zake za sabuni, kwa hiyo waliotoa hukumu ni mama mkwe, mwalimu wa kwaya, na mwenye duka, ambaye ni Mwislamu lakini mama yake ni wa upande wa Malawi, damu ileile, na mila anazijua kuliko sisi.

Mwalimu wa kwaya alianza. "Picha ni picha. Mwalimu aende tu akatazame."

"Picha ya ukutani tunaigeuza," akasema mama mkwe.

"Tena ile ni ya zamani," mwenye duka akadakia. "Hii ni moja kwa moja. Akipiga chafya Dar, chafya ni hiyohiyo, bado ya moto. Kwa maana hiyo mzee yupo sebuleni kwangu."

"Je, na mzee atamwona mwalimu?" mama mkwe akauliza.

Mwenye duka alifikiri sana. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kuisemea mali yake uongo. "Ya kwangu haioni," akasema mwishowe. "Niliinunua ya kawaida."

Walibishana mpaka uji ukapoa. Likatokea swali kama televisheni ikizimwa mzee atakuwa ametoka au bado yumo. Nikasema jamani, mimi nina safu ya kuandika, mhariri anangoja. Ndipo mama mkwe akakata shauri. Nitakwenda, nitakaa sebuleni, lakini runinga nitaipa mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa kamera haina adabu, inaweza kumrukia mzee wakati wowote. Nitasikiliza. "Masikio hayana ukwe," akasema.

Saa kumi na moja kasoro nikawekewa kigoda katikati ya sebule, mgongo kwa televisheni, uso kwa watu. Walijaa mpaka mlangoni. Nilijiona kama mshitakiwa. Jenereta likawashwa, muziki wa kipindi ukaanza, nyuso zote zikapata mwanga wa buluu, nami nikafungua daftari nikaanza kuhakiki nyuso.

Nawaambia ukweli, sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mtu anayetazama kichekesho hawezi kujidai. Kichekesho cha kwanza kilikuwa cha mfanyakazi aliyepunguzwa kazini, ambaye kila asubuhi anavaa tai na kwenda kukaa nje ya geti la kiwanda kwa sababu hajamwambia mkewe. Dar walicheka. Pale kwetu walicheka nusu, halafu nikawaona wanawake wawili wakitazamana na kuacha. Nikaandika: kimegusa. Cha pili kilikuwa cha muuza mitumba anayemuuzia mtu koti alilomwibia, na hapo mwalimu wa kwaya alicheka kwa sauti ya besi mpaka vifungo vikamhama. Nikaandika: safi. Kisha nikasikia kishindo cha mbao nyuma yangu, nikainua macho, uso hata mmoja haukutikisika. Nikaandika: kiti tena.

Halafu mtangazaji akasema anamtaka mzee yule mwenye koti jipya.

Sebule ikapiga kelele. Mama mkwe, aliyekaa mbele yangu kabisa, akajifunga kitenge upya kama anayetaka kwenda naye. Nikamsikia mtangazaji akiuliza mzee anatoka wapi, na baba mkwe akajibu, "Kyela," na Dar ikapiga makofi kwa ajili ya mchele.

"Basi, mzee wangu, leo wewe ni baba umekuja mjini kumtembelea mwanao. Kaa hapo kwenye kochi. Usifanye kitu, sisi tutafanya."

"Haya," akasema baba mkwe.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mlango wa kuigiza ukagongwa, vikaja viatu vya visigino, ko, ko, ko, na sauti ya binti ikasema kwa furaha, "Shikamoo baba! Karibu nyumbani. Mimi ndiye mkweo!" Na kochi likalia kwa uzito wa mtu wa pili. Alikuwa ameketi kando yake.

Nilisikia meza ikianguka. Nilisikia makatambuga yakikimbia. Kisha Dar es Salaam nzima ikalipuka kwa kicheko ambacho sikuwahi kukisikia katika kipindi kile, kicheko cha watu wanaopigana mapaja na kuomba maji.

Sebuleni kwetu hakucheka mtu.

Niliinua kichwa kutoka kwenye daftari kutafuta nyuso zangu, sikuzipata. Mwenye duka alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mwalimu wa kwaya ameinamisha kichwa kama katika sala. Mama mkwe amejifunika kitenge uso wote. Mpaka wale wa mlangoni waliangalia chini, kwa sababu kila mmoja pale alijua kwamba mzee haigizi, anakimbia kweli, na kumtazama mzee katika hali ile ni kumvua nguo. Kicheko cha Dar kiliendelea peke yake chumbani, hakina mwenyewe.

Nami nikageuka.

Sitasema shetani alinipitia. Nilitaka kujua. Yule binti, maskini, alidhani mzee ni kipaji cha ajabu, akawa anamkimbiza kuzunguka kochi akiita, "Baba mkwe, nimekupikia!" Mzee amejifunika koti jipya kichwani asimwone. Na kwa kuwa haoni, alikimbia kuelekea palipokuwa na mwanga, na mwanga ulikuwa wa kamera. Akaigonga. Koti likamwanguka. Uso wake ukaijaza televisheni ya mwenye duka kutoka pembe hadi pembe.

Alikuwa anamkimbia mkwe wa uongo, akanijia mimi.

Alikuwa na macho ya mume wangu. Hilo sikulitarajia, ingawa mtu angelitarajia nini kingine. Alikuwa na mvi kwenye nyusi, kovu dogo juu ya mdomo, na alikuwa amejaa hofu, midomo ikimcheza kama ya mtoto aliyepotea gulioni. Alinitazama. Najua, ilikuwa kamera. Lakini alinitazama, nami nikamwonea huruma ambayo sijui niiweke wapi mpaka leo. Kisha likaja tangazo la sabuni. Vichwa vilipoinuka, mimi nilikuwa nimeshageukia daftari, naandika kwa bidii. Yule mmoja aliyekatazwa kutazama ndiye peke yake aliyetazama, na hakuna aliyemwona.

Mzee alirudi baada ya siku nne. Alishuka kwenye basi kabla ya stendi, akapita mashambani, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Hakutoka tena. Siku ya kwanza tukasema ni uchovu wa safari. Wiki ya kwanza ikaisha hajaenda kanisani, na ya pili hajaenda shambani, na kakao ilikuwa imeiva, inaozea mtini. Mama mkwe alimpelekea ndizi akazirudisha nzima. Nguo zake nilizifua mimi, nikaona anavyokaza mkanda kwenye tundu ambalo zamani halikuwapo.

Nje kwake mambo yalikuwa kinyume. Vijana wa kijiji cha Bujonde waliokuja kwenye gulio walimwigiza akikimbia. Na simu ikaja dukani kutoka studio: mzee ni hazina, wanamtaka kila Jumamosi, watamtafutia na mkwe mwingine mrefu zaidi. Mwenye duka, mtu mpole siku zote, alimjibu aliyepiga kwa Kinyakyusa, maneno ambayo nashukuru Dar hawakuyaelewa.

Mama mkwe alinijia jikoni. Alikuwa amekonda na yeye. "Mwanangu, atakufa mle ndani. Haongei na mimi, haongei na mchungaji. Kitu pekee alichouliza ni kama gazeti limetoka."

Halikuwa na safu yangu. Nilishindwa kuandika wiki mbili, na mhariri alikuwa akipiga simu dukani kama mwenye kudai mke. Kwake yeye kipindi kile kilikuwa cha kihistoria. "Mzee wenu kavunja mbavu za nchi!" alipiga kelele. "Andika, dada, andika!" Nilimwambia mimi si dada yake, nikakata.

Msiniulize kwa nini mtu anayeogopa kuonekana aulizie gazeti. Niliketi nikaandika. Nilianza na mfanyakazi wa getini, nikamsifu muuza mitumba, nikamchapa wa kiti. Halafu nikaandika kwamba kichekesho cha mwisho siwezi kukihakiki kwa macho, kwa sababu mtu aliyekuwamo ni baba mkwe wangu, nami nilikaa nimekipa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho kama inavyonipasa. Naweza kusema tu nilichokiona kwa watu wa Ipyana: hakuna aliyecheka. Waliokuwa sebuleni wote waliinamisha macho. Dar waliona mzee anakimbia binti, sisi tuliona mtu pekee katika kipindi kizima ambaye hakuwa anaigiza. Nikamaliza kwa kusema kuwa walioandaa wangemuuliza kwanza mzee anatoka kwa watu gani, wangejiokoa na aibu, maana aibu ni yao.

Tangu mwanzo hadi mwisho. Niliyaandika hayo maneno manne kwa mkono wangu, nikayasoma, nikayaacha.

Mhariri aliichapa safu yote, akaweka juu kichwa cha habari cha kipuuzi ambacho sitakirudia. Alhamisi mama mkwe aliliweka gazeti kando ya bakuli la uji, akatoka. Nilitega sikio jikoni mchana kutwa. Hakumsomea mtu. Hakukohoa.

Ijumaa mama mkwe alikwenda Kyela mjini sokoni. Mimi sikuwa na vipindi mchana, nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele, na ukuta wa mianzi kati yangu na ua wa wazee. Nikasikia kikohozi. Kilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo. Nikaweka ungo chini nitoroke, na ndipo akaongea.

"Mama," akasema, akimsemesha mkewe ambaye wakati ule alikuwa anapatana bei ya samaki maili kadhaa kutoka pale. "Hebu muulize mwalimu jambo moja."

Nilisimama. Sikujua heshima inataka nikimbie au nisikilize. Kuku mmoja alikuwa akila mchele wangu, sikumfukuza.

"Muulize. Haya aliyoandika, kwamba hakutazama. Ni kweli? Kwa sababu hao wa Dar acha wacheke, mimi siwajui. Vijana nao watachoka. Lakini nilipogonga ile mashine yao niliwaza, sasa mkwe wangu ameniona. Nikiwa vile. Ndilo linaloninyima usingizi, mama. Muulize kama aliniona."

Nikamtazama yule kuku. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiwaza kama siku moja yule mzee akinisemesha nitamjibu nini, na nilidhani nitamwambia asante kwa kucheka kwake. Sauti yangu ikatoka ndogo, nikamsemesha mama naye hayupo.

"Mama, mwambie baba sikumwona."

Nikamsikia anavuta pumzi ndefu, mpaka mwisho.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mwambie ndaga fijo," akasema, asante sana, na makatambuga yakaondoka polepole.

Kesho yake asubuhi alitoka na panga lake, akaenda kuchuma kakao iliyosalia. Jumapili alikuwa kanisani. Baada ya miezi, nasikia, alikuwa akiwaonyesha watu gulioni jinsi alivyokimbia, na aliigiza vizuri kuliko vijana. Aliishi miaka sita zaidi, akikohoa kwenye kila kona, nami nikiingia kwenye kakao. Hakunisemesha tena. Mimi na baba mkwe wangu tulizungumza mara moja tu katika maisha yetu, na yote niliyomwambia yalikuwa uongo.